Naivasha Iko Juu Kuliko Tao! Hivi Ndivyo Mwinuko Unaamua Baridi, Medali na Mafuriko ya Mtaani Kwako

Kuna swali moja unaweza kutumia kujishindia soda ya bure mtaani. Muulize msee yeyote: kati ya Tao na Naivasha, wapi ndio juu zaidi? Wengi watakujibu Tao bila hata kufikiria. Na wana sababu. Ukitoka Nairobi, mat inapanda polepole hadi Limuru, halafu mkifika pale kwa viewpoint ya Mai Mahiu mnaanza kushuka bonde, masikio yanaziba, mtoi wa kiti cha nyuma anaanza kutapika. Sasa mtu akishuka vile, si lazima amefika chini?

Hapana. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo unaanza kushuka ukiwa tayari umepanda sana. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890. JKIA iko mita 1,624, Wilson iko karibu 1,690, na Tao iko hapo katikati yao. Manake wale wote huenda Naivasha kila mwaka kula samaki na kucheki Safari Rally wanakuwanga karibu mita 200 juu ya Archives, na wanadhani wako bondeni. Wako bondeni kweli, ni vile bonde lenyewe liko juu.

Sasa usidhani hii ni stori ya odijo wa jiografia tu. Mahali umesimama kwenye huu mteremko unaoitwa Kenya ndio unaamua unavaa nini asubuhi, maharagwe yako yanaiva saa ngapi, kama mbu wa kwenu atakulaza hosi, na maji ya mvua yakija, yanapita kwako ama yanaingia kwako. Hiyo ya mwisho ndio kubwa, tutafika.

Kupanda kutoka Mombasa

Anza chini kabisa. Kisiwa cha Mombasa kiko mita chache tu juu ya bahari, na hata uwanja wa ndege wa Moi uko kama mita 60. Ukiingia Madaraka Express pale Miritini hausikii ukipanda, juu treni inapanda kwa heshima. Voi uko karibu mita 560. Ukishuka Syokimau umepanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu, ukiwa umekaa, unakula mandazi.

Wazungu waliojenga reli ya kwanza waliujua huu mlima vizuri. Walianza Mombasa mwaka 1896, na Mei 1899 wakafika mahali palipokuwa na kinamasi na maji baridi, ndio Wamaasai walipaita hivyo. Hapo mbele yao kulikuwa na ukuta: kupanda Kikuyu, kupita Limuru, halafu kutumbukia Bonde la Ufa. Wakahitaji sehemu tambarare ya kuweka stoo, karakana na mabehewa kabla ya hiyo kazi ngumu. Hiyo ndio sababu Nairobi iko hapo ilipo. Hakuna mtu aliketi chini akasema hapa patafaa mji wa mamilioni ya watu. Palikuwa steji ya kupumzika kabla ya kupanda mlima, steji ikakataa kuondoka. Kule kwenye ukingo wa bonde mteremko ulikuwa mkali hadi kwa muda mabehewa yalikuwa yanateremshwa kwa kamba, wakingoja njia ya kudumu imalizwe.

Ukivuka bonde unapanda tena. Nakuru iko karibu mita 1,850, Molo karibu 2,500, na Timboroa, kwenye reli ya kwenda Eldoret, imepita 2,700. Kama umewahi kulala Timboroa unajua kwamba blanketi moja ni utani. Eldoret yenyewe iko karibu 2,100. Halafu nchi inaporomoka kuelekea ziwani: Kisumu iko karibu mita 1,150, manake wasee wa lakeside wako chini ya Tao kwa zaidi ya nusu kilomita, lakini bado wako zaidi ya kilomita moja juu ya bahari. Ziwa Victoria lote limekaa huko juu kama karai kwenye meza.

Na usifikirie sakafu ya Bonde la Ufa ni flati. Naivasha ndio kama mgongo wake. Ukienda kusini linashuka hadi Magadi, karibu mita 600. Ukienda kaskazini linashuka Nakuru, linashuka Baringo, hadi Ziwa Turkana lililo karibu mita 360 tu. Kaskazini mashariki nako ni chini kabisa: Garissa iko karibu mita 150, Wajir karibu 240. Halafu katikati ya nchi hiyo hiyo kuna Batian, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, na barafu juu yake, karibu kabisa na ikweta. Ndio maana mtu wa nje akiuliza "Kenya kuna hali gani ya hewa?" hakuna jibu. Unamuuliza, uko mita ngapi?

Baridi, githeri na mbu

Sheria ni rahisi. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6. Kati ya JKIA na Limuru kuna tofauti ya karibu mita 600, kwa hivyo siku ile ile, saa ile ile, msee wa Embakasi anaweza kuwa na tisheti na msee wa Limuru amefunga koti hadi shingoni. Wote wanasema wako Nairobi, hasa wakiwa kwa simu na mtu wa ocha.

Jikoni pia. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa Mombasa. Kila unapopanda mita 300 hivi, unapoteza nyuzi moja. Nairobi yanachemka kwa karibu 94, Eldoret 93, Timboroa 91. Unaona povu, unaona mvuke, unadhani moto ni ule ule, kumbe maharagwe yako yanaogeshwa maji ambayo hayajafika bei. Kwa hivyo ukimchemshia shosh wa Molo githeri kwa masaa uliyozoea kule Kilifi, mtatafuna mawe. Ile sufuria ya presha inafunga mvuke ndani, inapandisha kiwango cha kuchemka, na hapo ndio gesi yako inapona. Kuongeza moto hakusaidii; maji yakishachemka hayapati joto zaidi, yanaisha tu.

Kwa mbu sasa tuongee serious. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ndio kikomae ndani ya mbu. Hali ikikaa chini ya nyuzi 18 hivi, mbu anakufa kabla kimelea hakijawa tayari. Ndio maana pwani na maeneo ya ziwa yana malaria mwaka mzima, na Nairobi na Limuru haina sana. Uzuri huo una bei yake. Mtu aliyezaliwa Zimmerman na kukulia Zimmerman mwili wake haujawahi kupigana na malaria. Disemba anaenda Busia ama Siaya kusalimia watu, analala bila neti, anarudi Januari na homa anayodhani ni ya kuchoka na safari. Kama umetoka huko na unaskia homa, enda upimwe, na umwambie daktari ulikuwa wapi. Kwa vilima vya Kisii, Nandi na Kericho kuna shida nyingine: kawaida kuko baridi kiasi, lakini mwaka joto na mvua zikizidi, malaria inapanda mlima na kukuta watu ambao miili yao haijajiandaa.

Medali zinatoka wapi

Hii sehemu kila mtu anapenda. Hewa ya Iten ina oksijeni asilimia 21, sawa tu na ya Mombasa. Tofauti ni kwamba huko juu, mita 2,400, hewa yenyewe ni nyepesi. Kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu robo. Mwili ukikaa kwa hiyo shida wiki kadhaa unaamua kuongeza chembe nyekundu za damu, ndio kila tone libebe oksijeni zaidi. Halafu unashuka kukimbia mahali pa chini na ile damu nzito, na unaskia kama mtu amekutoa gunia mgongoni.

Cheki vile mambo yamepangwa. Eliud Kipchoge alifanya mazoezi Kaptagat, juu, na Oktoba 2019 akaenda kukimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 pale Vienna, mji ulio chini ya mita 200. Kelvin Kiptum naye alivunja rekodi ya dunia, 2:00:35, Chicago mwaka 2023. Chicago pia iko chini. Hakuna mtu huenda kutafuta rekodi ya marathon Eldoret. Eldoret ni ya kuteseka.

Mwaka 1968 mambo yaligeuzwa. Olimpiki zikapelekwa Mexico City, mita 2,240, na wakimbiaji wa nchi za tambarare wakafika wakipumua kama samaki nje ya maji. Naftali Temu akachukua mita 10,000, dhahabu ya kwanza kabisa ya Kenya. Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali kwenye mita 1,500. Kwao ilikuwa hewa ya nyumbani.

Lakini hewa nyepesi inasaidia pia wale wa mbio fupi, kwa sababu tofauti kabisa. Mtu wa mita 100 hana haja ya oksijeni nyingi kwa zile sekunde 10. Adui wake ni ukuta wa hewa ulio mbele yake. Ukiwa juu, huo ukuta ni mwembamba. Ferdinand Omanyala alikimbia 9.77 pale Kasarani, Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Kusema mwinuko ulimsaidia kidogo si kumdharau: wengine wengi wamekimbia Kasarani na hawajaona 9.77 hata kwa ndoto. Vile vile kuzaliwa juu peke yake hakukupi medali. Kuna miji mingi duniani iliyo juu kuliko Iten na hatujawahi kuskia mkimbiaji wao.

Ndege nazo zinateswa na hiyo hewa. Bawa linahitaji hewa ya kutosha ndio linyanyue ndege, kwa hivyo huku juu lazima ikimbie zaidi kabla ya kuruka. Uwanja wa JKIA una njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 4. Ya Mombasa ni kama kilomita 3.3, na inatosha.

Mteremko unaoua

Kutoka Timboroa na Mau Summit ukija Nakuru, barabara inashuka mamia ya mita ikipitia Sachangwan na Salgaa. Hayo majina yamekuwa kwa habari miaka nenda miaka rudi, na watu wakaanza kusema kuna majini barabarani. Hakuna majini. Kuna lori la tani nyingi, limebeba mzigo, na dere amekanyaga breki kilomita baada ya kilomita. Breki zinafanya kazi kwa msuguano, msuguano unaleta joto, na zikishapata moto sana zinaacha kushika. Unakanyaga, hakuna kitu. Wengine wanafanya noma zaidi: wanaweka gari free ndio waokoe mafuta, manake hata injini haiwasaidii kuzuia mwendo. Dawa inajulikana: gia ya chini kabla hujaanza kushuka, uache injini ivute gari nyuma. Pale Salgaa ilibidi ukuta wa simiti ujengwe katikati ya barabara kwa sababu magari yalikuwa yanavuka kwenda kuua wa upande wa pili.

Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo likaingia kwenye soko na matatu pale makutano ya Londiani. Zaidi ya watu 50 walikufa, wengi walikuwa wamesimama tu wakiuza ama wakingoja gari. Mwaka mmoja kabla, Julai 2022, basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, huko kwa mteremko na kona za Tharaka Nithi, likaua zaidi ya 30. Ukiwa ndani ya nganya na unaskia injini imenyamaza kwenye mteremko huku gari linaongeza kasi, hiyo ni free. Piga kelele. Afadhali uonekane mshamba.

Maji hayaulizi njia

Mteremko huu huu ndio unatupa maji na stima. Bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, liko karibu mita 2,041, kwa hivyo sehemu kubwa ya safari ya maji ya Nairobi ni kuteremka tu. Mombasa inapata maji ya Mzima, Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Na Mto Tana ukishuka, maji yale yale yanasukuma mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, moja baada ya nyingine, kama mtu anashuka ngazi na anatozwa kwa kila hatua. Ubaya ni kwamba Garissa wanaweza kuamka na mafuriko bila tone kuanguka Garissa. Mvua ilinyesha Aberdare na Mlima Kenya siku kadhaa nyuma, na sasa imefika.

Rudi Nairobi sasa. Huu mji umelala kama paa la upande mmoja. Magharibi, upande wa Kikuyu na Dagoretti, ndio juu. Mashariki, Embakasi, Ruai hadi Athi River, ndio chini. Mito yote inafuata hiyo njia. Mto Nairobi unaanza kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita Museum Hill, unapita nyuma ya Gikomba, unaenda Dandora, na mwishowe unaingia Athi, ambao huko chini unaitwa Galana na Sabaki, na unaingia baharini kaskazini ya Malindi. Chupa uliyotupa kwa mtaro wa River Road ina safari ndefu kuliko yako ya Disemba.

Mkoloni alipogawa mji alichukua juu. Wazungu wakajipa miinuko ya magharibi na kaskazini, yenye udongo mwekundu unaonyonya maji na hewa safi. Wafanyakazi Waafrika wakapelekwa Eastlando, kwa tambarare ya udongo mweusi ule unaoshika kiatu. Ule udongo ukilowa unavimba, na maji yanabaki yamesimama juu. Uhuru ulikuja, majina ya barabara yakabadilishwa, lakini hakuna mtu alibadilisha mteremko. Mto Mathare unapita Muthaiga kwanza, kwa miti na nyasi za gofu, halafu unafika Mathare ukiwa na hasira. Mto Ngong unakusanya maji ya upande wa Kibera na kuyapeleka Mukuru. Kila ploti iliyofunikwa simiti huko juu ni maji ambayo hayana tena pa kuingia, yanakimbia chini, na yanafika yote kwa pamoja.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilionyesha hiyo hesabu vizuri. Zaidi ya watu 250 walikufa nchini. Mathare watu walilala juu ya mabati. Usiku wa kuamkia Aprili 29, kule Mai Mahiu, wengi waliskia kwamba bwawa limepasuka. Halikuwa bwawa. Maji yalikuwa yamejikusanya huko juu upande wa Kijabe, nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia ya maji iliyo chini ya reli ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Tuta likaachilia, na maji yakaporomoka na mawe na miti hadi kwa nyumba za watu waliokuwa wamelala. Makumi walikufa. Wengi wao hawakuwa wanaishi kando ya mto unaoonekana. Waliishi tu chini ya kitu kilicho juu.

Baadaye matrekta yakaja kubomoa nyumba za kando ya mito, Mathare na Mukuru. Kwamba watu hawafai kuishi mita tano kutoka mtoni ni kweli. Lakini mtu wa kipato cha kibarua huishi mahali kodi inamruhusu, na kodi ya chini iko chini. Ukimbomolea bila kumpa mahali pa juu, atajenga tena hapo hapo, ama mbele kidogo, bado chini.

Kwa hivyo kama mwezi huu unasaka keja, fanya hizi hesabu kabla hujalipa diposti. Simu yako ina GPS na kuna programu za bure zinakuonyesha mwinuko. Inaweza kukosea kwa mita kadhaa, kwa hivyo usiangalie namba moja, linganisha. Simama kwa lango la ploti, halafu enda usimame kwa barabara, halafu kwa mto ama mtaro mkubwa ulio karibu. Kama lango liko chini ya barabara, maji ya barabara ni yako. Kama kati yako na mto hakuna mwinuko wa kueleweka, chukua chumba cha juu ama uachane nayo. Angalia udongo wa nje kama ni mweusi. Angalia ukuta wa nyuma wa jengo, ule ambao hawajapaka rangi mpya, uone kama kuna mstari wa matope.

Na usimuulize keateka kama maji huingianga, atakuambia hapa hakujawahi. Muulize mama mboga wa hapo nje. Mcheki kibanda chake: kama amekiinua kwa mawe matatu, umepata jibu kabla hajafungua mdomo.